Chekecheke, jicho au maabara? Kuchagua njia ya kusoma miba ya samaki wa kale

Mezani kwangu kuna mifuko miwili. Yote imetoka kwenye jaa moja, tabaka moja, mahali pa pwani palipokuwa na watu miaka elfu moja hivi iliyopita. Wa kwanza una kile kilichobaki juu ya chekecheke la matundu ya milimita 5: mataya ya pono, mazito kama kokoto, pingili za uti wa mgongo wa papa, kipande cha shavu la chewa. Wa pili ni ndoo ya udongo wa tabaka hilohilo, uliooshwa kwa maji juu ya wavu wa milimita 1. Ukiutazama juujuu utadhani ni makapi ya kutupa. Umwage kidogo kwenye sahani nyeupe, washa taa, shika kibano, na baada ya nusu saa utakuwa umepanga mstari wa pingili ndogo kuliko punje ya mtama. Ni dagaa.

Mfuko wa kwanza peke yake ungekufanya uandike kwamba hapa waliishi wavuvi wa samaki wakubwa wa mwambani. Wa pili unaleta watu wengine kabisa: wanaovua ndani ya maji ya magoti, kwa wavu wa matundu madogo au kitambaa, kama kina mama wanavyotanda hadi leo maji yakitoka. Watu hao hawakuacha chombo wala nanga. Wameacha pingili tu, nazo zilikuwa zinapita kwenye waya na kurudi shimoni na kifusi.

Wanafunzi na wasaidizi wa uchimbaji wanaoniuliza kuhusu miba huanza karibu wote na swali moja: sampuli nipeleke maabara gani? Mimi huwarudishia langu: udongo wako ulipita kwenye matundu ya ukubwa gani? Fedha ikitosha jambo moja tu, iende kwenye chekecheke na kwenye mifupa ya kulinganishia. Maabara itasubiri. Najua wapo wenzangu wasiokubali, na kwa maswali fulani wana haki, kwa hiyo naziweka njia zenyewe kando kwa kando, kila mtu apime na hali yake.

Matundu ya chekecheke

| Tundu | Kinachobaki | Kinachopotea | Bei yake kwa kazi |
|---|---|---|---|
| mm 5–6 | Papa, kolekole wakubwa, chewa, mataya ya pono na changu waliokomaa | Dagaa wote, tasi wadogo, pingili nyingi za samaki wa kitoweo | Haraka, watu wawili wanamudu shimo |
| mm 3 | Sehemu kubwa ya samaki wa mwambani wa ukubwa wa sahani | Dagaa na samaki wachanga | Polepole, udongo wenye unyevu huziba waya |
| mm 1–2, kwa maji | Karibu kila kitu, hata mawe ya masikio (vijiwe vya ndani ya kichwa cha samaki) | Kidogo sana | Maji mengi, kisha siku nyingi za kuchambua kwa kibano |

Namba ya tundu nayo ina ujanja wake. Tundu la mraba la milimita 5 lina karibu milimita 7 kutoka kona hadi kona, na mfupa bapa hupita kwa ubavu. Miba na mbavu hupita kwa urefu bila hata kugusa waya. Siku moja nilimfanyia jaribio changu tuliyemla mchana. Mchuzi ulipokwisha nikakusanya kila kitu sahanini, nikakiosha, nikakianika, kisha nikakitikisa juu ya chekecheke la kazini. Mataya yalibaki, mashavu yalibaki, na pingili chache za upande wa kichwa. Pingili za mkia, miba yote na vifupa vya matamvua vikaanguka ndooni. Na huyo alikuwa changu wa kumshibisha mtu, si dagaa.

Wachimbaji wa magofu ya pwani katika miaka ya 1950 na 1960 walitafuta zaidi misikiti, nyumba za mawe, sarafu na vigae vilivyotoka ng'ambo. Miba iliokotwa kwa mkono, ikiokotwa. Ndiyo maana makumbusho nyingi zina visanduku vya "mifupa ya samaki" vyenye papa na pono watupu. Visanduku hivyo vina kazi yake, lakini usivitumie kupima nani alivua nini na kwa kiasi gani. Ukubwa wa kilichomo umechaguliwa na jicho la kibarua aliyeinama juani saa saba mchana.

Kuna mji mmoja unaoonyesha vizuri uzito wa jambo hili. Shanga, kisiwani Pate katika visiwa vya Lamu, ilichimbwa na mwanaakiolojia Mark Horton miaka ya 1980. Makazi yake yalianza karne ya 8 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Miba yake ilichambuliwa na Eréndira Quintana Morales akishirikiana na Horton, na picha iliyotoka ni ya watu waliosogea baharini hatua kwa hatua. Matabaka ya chini yanatawaliwa na samaki wa karibu, wa mwambani na wa mikokoni. Ukipanda kuja karne ya 11 na kuendelea, samaki wa maji ya nje wanaongezeka, papa wakiwamo. Ushahidi wa namna hii ndio unaoingia katika mjadala wa lini hasa Waswahili waligeuka kuwa watu wa bahari, maana kuishi kando ya maji ni jambo moja na kuvuka mwamba kwenda kuvua nje ni jambo jingine.

Sasa fikiria tabaka la chini la mji kama huo limeokotwa kwa mkono. Samaki wadogo wa mikokoni hawaonekani. Papa mmoja mmoja aliyevuliwa kwa bahati, pingili zake nene kama vishikizo vya koti, ndiye atakayeonekana. Utaandika kwamba walikuwa wavuvi wa maji makuu tangu siku ya kwanza, na hakuna mashine duniani itakayokurudishia zile pingili zilizofukiwa na kifusi.

Je, kila ndoo ipite kwenye milimita 1? Hapana, utazeeka shimoni. Njia ninayoipendekeza kwa kikundi kidogo ni kuchekecha udongo wote kwa milimita 3 pale inapowezekana, au 5 ukibanwa na muda, na kutoka kila tabaka kuweka pembeni kiasi maalumu, lita 10 au 20, kwa ajili ya wavu wa milimita 1 na maji. Kiasi kiwe kilekile kila tabaka, ama sivyo huwezi kulinganisha la chini na la juu. Lita zenyewe ziandikwe kwenye lebo, maana mfuko usio na ujazo hauwezi kulinganishwa na mwingine.

Kuna kasoro moja ya uoshaji ambayo watu wa pwani huiangukia kwa urahisi. Bahari iko hapo hatua ishirini, pampu ipo, kwa nini tusioshee maji ya chumvi? Osheni, lakini mwisho lazima msuuze kwa maji baridi ya kisima. Chumvi ikikaukia ndani ya mfupa hugeuka chembe ngumu na kuupasua kutoka ndani, na mfuko uliouacha mzima mwezi Machi utaukuta unga mwezi Desemba. Niliwahi kupokea mzigo wa namna hiyo kutoka kwa mradi ambao sitautaja. Nilitambua pingili za papa na si zaidi.

Jicho na mifupa ya kulinganishia

Sasa miba iko mezani. Njia ya kwanza ya kuitambua ni ileile tangu zamani: unashika mfupa wa kale kwa mkono mmoja na wa samaki wa leo unayemjua kwa mkono mwingine. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ina mkusanyiko wa mifupa ya wanyama unaotumiwa na watafiti kwa kazi hii. Ukiwa mbali na Nairobi, jenga wako. Kazi hiyo haina fahari yoyote, ina harufu nyingi, na nadhani ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote nilizofanya.

Unaamka alfajiri kwenda sokoni wakati mnada bado haujachangamka. Unanunua samaki mzima, hajaparuliwa wala kutolewa matumbo. Unampiga picha, unampima urefu na uzito, unaandika jina analoitwa na mvuvi na jina la kitaalamu. Fanya hivyo kabla ya sufuria, usiseme utakumbuka. Changu doa hujulikana na kila mtoto wa pwani kwa lile doa lake ubavuni, lakini mfupa hauna doa. Ukishamchemsha pamoja na changu wengine watatu, una mataya manne yanayofanana na hakuna wa kumuuliza. Majina ya wavuvi nayo hubadilika kutoka bandari hadi bandari.

Chemsha taratibu, maji yasitokote kwa nguvu, mpaka nyama iachie. Toa kwa mkono. Kinachobaki kiloweke siku kadhaa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga, suuza, anika kivulini. Juani mfupa hupasuka. Funika kwa wavu, na funga wavu kwa jiwe, maana paka wa mtaani hajali kama huyo ni samaki wa utafiti. Kisha kila mfupa namba yake kwa wino, taya la kulia mbali na la kushoto.

Faida ya jicho ni kwamba linafanya kazi papo hapo, halina bili, haliharibu kitu, na linaona mambo ambayo mashine haiyaoni: alama ya kisu, rangi ya moto, jino la panya, ukubwa wa samaki. Ukiwa na samaki wa leo wa saizi mbalimbali uliowapima, urefu wa taya unakupa urefu wa samaki aliyeliwa. Ukijua urefu unaanza kuzungumza juu ya zana. Rundo la samaki wa kila saizi, wachanga na wakubwa, halitoki kwenye mshipi. Hilo ni juya au uzio. Rundo la saizi moja lina maelezo mengine. Dema limeoza, kamba imeoza, wavu umeoza, na samaki wenyewe ndio mashahidi waliobaki.

Udhaifu wa jicho ni kwamba lina vipenzi. Pono ana meno ya kooni, mabamba mawili yanayosagana kama jiwe la kusagia, ndiyo anayosagia matumbawe. Ni magumu kupita kiasi na hayafanani na ya samaki mwingine yeyote. Mwanafunzi wa siku ya kwanza humtambua pono kwa dakika moja. Tasi ana mifupa laini inayovunjika na isiyosema mengi. Basi orodha itajaa pono, na msomaji ataamini kwamba mji mzima uliishi kwa pono. Kwenye maziwa hadithi ni hiyohiyo kwa jina jingine: fuvu la kambare lina vipele juu yake na kamongo ana mabamba ya meno magumu, hivyo hao wawili hujitangaza wenyewe, wakati ningu anakaa kimya.

Na papa ndiye anayeliaibisha jicho. Kiunzi chake ni gegedu, hana mataya ya mfupa ya kuacha. Zinabaki pingili na meno. Kwa pingili peke yake, mara nyingi utafika kwenye "papa" au "papa au taa" (taa yule samaki bapa, jamaa wa papa) na kukwama hapo.

Protini ya mfupa

Hapo ndipo njia ya pili inapojieleza. Mfupa una kolajeni, protini inayodumu muda mrefu. Maabara huchukua kipande kidogo sana, hutoa kolajeni, huikata kwa kimeng'enya, kisha mashine hupima uzito wa vile vipande vya protini. Kila kundi la wanyama lina mpangilio wake wa uzani, kama alama ya kidole. Njia hii iliwekwa wazi na Michael Buckley, Matthew Collins na wenzao mwaka 2009, na tangu hapo imeenea kwa sababu ni nafuu mno ikilinganishwa na vinasaba. Kwa samaki ina bahati ya ziada. Samaki wengi wenye mfupa wana mnyororo wa tatu wa kolajeni ulio tofauti, ambao sisi wanyonyeshao hatuna, kwa hiyo nafasi ya kuwatenga ni kubwa zaidi.

Pingili isiyo na sura, kipande cha mbavu, mfupa uliosagika, vyote ni sawa kwa mashine. Haina kipenzi. Kwa mtu aliyehesabu "samaki, aina haijulikani" mpaka amechoka, hilo ni jambo la kumtoa machozi.

Lakini ina masharti matatu, na huku kwetu yote yanauma.

La kwanza ni joto. Kolajeni hupungua kadiri ardhi inavyokuwa na joto, na udongo wa pwani yetu hauna baridi ya kuihifadhi kama wa Ulaya kaskazini. Kwa mfupa wa miaka mia chache tarajia majibu, kwa wa maelfu ya miaka tarajia mifuko mingi kurudi mitupu. Udongo wetu wa matumbawe hauna asidi na unautunza mfupa vizuri kwa macho, kiasi kwamba watu hudhani na kilichomo ndani kimetunzwa. Sivyo. Mfupa unaweza kuwa mzuri wa kupigwa picha na usiwe na protini hata chembe.

La pili ni moto. Samaki huchomwa, na miba hutupwa jikoni. Kipande kilichogeuka cheupe au cha kijivujivu kwa moto hakina kolajeni ya kupima, usipoteze nauli yake.

La tatu ni orodha ya kulinganishia. Mashine inakupa uzani tu, na lazima mtu awe amepima samaki wa leo anayejulikana ili uzani huo upate jina. Samaki wa bahari za kaskazini wamepimwa sana. Bahari ya Hindi ya magharibi ina mamia ya spishi za mwambani na wengi wao bado. Kwa hiyo utapeleka mfupa wako ng'ambo na jibu litarudi likikuomba umtume samaki wa sokoni. Umerudi palepale alfajiri kwenye mnada, tofauti ni kwamba sasa umelipia.

Ongeza kibali. Sampuli haitoki nchini bila ruhusa ya mamlaka ya mambo ya kale, na Zanzibar ina mamlaka yake tofauti na ya bara. Anza kuomba mapema, na andika wazi ni gramu ngapi zitaharibiwa na kilichobaki kitarudi lini.

Basi jicho au protini? Kama swali lako ni familia za samaki na mazingira walikovuliwa, jicho linatosha. Changu, pono, chewa na tasi wanakaa mwambani na kwenye nyasi za bahari. Jodari na nguru wanakupeleka nje. Huhitaji spishi kujua chombo kilivuka mwamba. Kama swali lako ni papa wa aina gani, au una shimo lililojaa pingili bila vichwa, nenda maabara. Kuna na njia ya katikati ambayo watu hawaipendi kwa sababu inaumbua: chukua vipande thelathini ambavyo jicho lako *limeshavitaja*, peleka hivyo, uone umekosea vingapi.

Vinasaba, isotopu na mawe ya masikio

Vinasaba vinatoa spishi, hata ukoo ndani ya spishi, lakini ni ghali na joto huviharibu mapema. Kwa mtu anayeanza, nasema hapana.

Isotopu za kaboni na nitrojeni, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito, hupimwa zaidi kwenye mifupa ya watu, kujua kama walikula vya baharini au vya shambani. Hazisemi samaki gani. Na kwa pwani yetu zina mtego: chakula kinachotokana na nyasi za bahari na mwamba kina kaboni inayokaribiana na ya mtama na uwele. Aliyekula ugali wa mtama na aliyekula changu wanaweza kukaa karibu kwenye mchoro. Bila miba ya kuthibitisha, usimwamini anayekuambia kwa isotopu peke yake kwamba watu fulani waliishi kwa samaki.

Mawe ya masikio ni vijiwe vilivyo ndani ya kichwa cha samaki wa mfupa. Kila kundi lina umbo lake, na ndani yana pete za ukuaji kama za mti, hivyo yanaweza kukuambia umri na hata msimu wa kufa. Ukiyapata, shukuru. Lakini utayapata kama tu ulitumia wavu mwembamba, na papa hatakuachia kamwe.

Kuhesabu

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu kosa ni moja. Ukihesabu vipande, mkunga mmoja mwenye pingili zaidi ya 100 atawashinda changu wanne wenye pingili 24 kila mmoja. Ukihesabu idadi ndogo kabisa ya samaki, yaani mataya ya kushoto ya aina moja ni mangapi, mkunga anarudi kuwa mmoja na changu wanne, lakini papa, asiye na taya la kubaki, anapotea kwenye hesabu. Ukipima uzito, pono anawafunika wote. Toa hesabu mbili za kwanza pamoja, na papa mwandike pembeni kwa pingili na vipimo vya upana wake.

Sehemu za mwili nazo zihesabiwe. Nyumba yenye pingili tupu bila vichwa huenda ilinunua ng'onda kutoka mbali, kwa sababu samaki wa kukausha mara nyingi hukatwa kichwa mahali alipovuliwa. Nyumba yenye vichwa na mikia ilipika samaki mbichi. Lakini kumbuka chekecheke: pingili za mkia zikipita kwenye waya, utapata vichwa peke yake na utatunga hadithi ya biashara ambayo haikuwapo.

Swali lako ni lipi?

Ukitaka kujua kama watu walivuka mwamba: milimita 3, jicho, familia, urefu wa samaki. Inatosha, na ndiyo ningemshauri mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye miezi sita.

Ukitaka kujua kuhusu zana na kazi ya wanawake na watoto: milimita 1 kwa maji, hakuna njia ya mkato. Maabara haikusaidii chochote hapa. Darubini ndogo ya mezani itakusaidia, na mtu mvumilivu wa kushika kibano. Katika uzoefu wangu ndoo ya lita 20 hula siku nzima ya kuchambua, mara nyingine mbili.

Ukitaka msimu, mara nyingi swali la maziwa na mito, angalia saizi na umri kwanza. Huko Katanda, ukingoni mwa mto Semliki mashariki mwa Kongo, wachimbaji walitangaza mwaka 1995 kwamba wamepata chusa za mfupa zenye meno, walizozikadiria kuwa na umri wa miaka 90,000 hivi, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Kambare wa saizi hiyo huja kwenye maji mafupi kutaga wakati wa mafuriko, kwa hiyo ukubwa wa mifupa peke yake ulielekeza kwenye msimu mmoja wa mwaka. Kazi ya jicho na rula. Ila kwenye ziwa au mto jihadhari na samaki waliokufa wenyewe: maji yakikauka hufa kwa mamia bila mvuvi, na ndege nao huangusha miba. Tafuta alama ya kisu au moto kabla hujamtaja mtu.

Ukitaka papa: protini, na pesa zake.

Na kama mradi umeshakwisha, shimo limefukiwa, una visanduku vilivyookotwa kwa mkono tu? Vitumie kwa kile vinachoweza: spishi zilizokuwapo, ukubwa wa samaki wakubwa, alama za visu. Asilimia za nani alivuliwa zaidi ziache. Uliza pia kama kuna mifuko ya udongo ambayo haikuchekechwa. Wachimbaji wengine huweka mmoja au miwili kwa ajili ya mbegu au kupima mkaa, halafu husahaulika chini ya rafu. Mfuko wa pili uliopo mezani kwangu ulipatikana hivyo, nyuma ya makasha ya vigae, lebo yake imefifia ila tabaka na lita bado vinasomeka.